Nimejitengenezea flaya 1000 za dobi langu: za kwanza nilizilia hasara, za pili zimerudisha hela. Uzi kwa wanaotaka kuchapa bila kuuza kitanda

#1 Dobi wa Kimara

Wakuu habari za jioni. Kuna mdau kwenye uzi wa biashara za mtaji mdogo aliniuliza nilitangazaje dobi langu, nikamwahidi nitaandika, kila siku nabanwa. Leo umeme umekata tangu saa nane, mashine zimelala, nimekaa nje kwenye stuli na simu ina asilimia 61, ngoja nishushe.

Nina dobi la mashine huku Kimara, mashine mbili na kikaushio kimoja, nipo ndani kidogo kwaiyo wanaoshuka mwendokasi hawanioni kabisa. Miezi miwili ya mwanzo wateja walikuwa majirani na shemeji yangu ambaye halipi. Nikasema nichape flaya elfu moja. Dizaina wa mtaani akanitajia bei ambayo kwangu ni sabuni ya wiki mbili, nikaona aah, app ya Canva ya kutengenezea matangazo si ipo, simu si ninayo, macho si ninayo.

Hapo ndo nikaanza kupotea.

Nilikesha. Nikachukua rula nikapima kitabu cha picha cha mwanangu kilichonivutia umbo, sentimita 16 kwa 23, nikasema flaya yangu iwe hivi isifanane na za watu. Rangi nikaweka bluu ile ya kuwaka kabisa, si unajua maji, usafi. Picha ya mashine nikaiokota mtandaoni. Namba ya simu nikaibana kona ya chini kulia kwa herufi kubwa. Nikamalizia na QR. Nikaipenda mpaka nikaiweka stetasi watu wakasema kali. Asubuhi nikamrushia mchapaji Whatsapp, kama picha, nikalipa nusu, nikarudi kufua.

Nilipofungua boksi nilidhani nimepewa mzigo wa mtu. Bluu imekuwa zambarau ya shuka la gesti. Picha ina ukungu. Flaya kama mia mbili hivi kisu kimekula tarakimu ya mwisho ya namba, yaani mteja anipigie kwa kubahatisha. QR yenyewe ilifanya kazi wiki mbili, ya tatu ikawa inafungua ukurasa unaotaka nilipie kifurushi. Ila kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba jirani yangu wa vipodozi alichapa elfu moja kwa mtu yuleyule, karatasi ileile, mimi nililipa karibu mara mbili yake.

Nikaenda kugomba. Mzee wa mashine akanisikiliza mpaka nikaishiwa, akachukua shiti moja kubwa akailaza mezani, akaniambia nipangie flaya zako hapo juu. Zikaingia mbili. Akachukua za jirani yangu, zikaingia nne. Akasema, "Mwanangu, karatasi nimetumia saizi ileile, ila ya kwako nusu imeenda kwenye pipa."

Sikuwa na la kusema wakuu. Nikavuta benchi nikaomba anifundishe, na ndo ninayowaletea hapa. Flaya ya bei nafuu haianzii kwenye simu, inaanzia kwenye karatasi ya mchapaji. Nenda kwake KABLA hujafungua Canva. Naendelea chini, ngoja kwanza nimtoe mteja anayedai shuka zake.

#2 Kipara Ngoto

Dobi umefuliwa 😂😂

#3 Binti Chumbageni

Naweka kambi. Mkuu usije ukakimbia kama wale wanaoandika "itaendelea" alafu wanapotea mwaka mzima.

#4 Dobi wa Kimara

Nipo dada. Twende kazi.

Mashine nyingi za dijitali zinakula shiti inaitwa SRA3, milimita 320 kwa 450. A5 ni 148 kwa 210. Ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatia (wenyewe wanaita blidi) inakuwa 154 kwa 216. Sasa piga hesabu, mbili upana ni 308, mbili urefu ni 432, zote nne zinakaa ndani ya shiti na nafasi ya kisu inabaki. Yangu ya 160 kwa 230 ukiweka blidi inakuwa 166 kwa 236, mbili pembeni ni 332, imezidi shiti. Ukizungusha zinaingia mbili tu, kinachobaki ni chengachenga. Kwaiyo flaya elfu za A5 ni shiti 250 na za kuharibikia kidogo, za kwangu zilikuwa shiti 500. Yaani ile sentimita moja ya maringo pembeni na mbili za urefu ndo zilinilipisha shiti 250.

Na A6, ambayo ni nusu ya A5, 105 kwa 148, zinaingia nane. Tuseme shiti moja iliyochapwa wanakutoza shilingi 1000, hiyo ni bei ya mfano msinibebee bango, A5 moja inakuangukia 250, A6 inakuangukia 125, yangu ilikuwa 500. Dizaini ni ileile, mashine ileile.

Uzuri mwingine wa hizi saizi za A ni kwamba zote zina umbo moja, ukikunja A4 katikati unapata A5, ukikunja tena A6, kwaiyo uliyotengeneza kwa A5 ukiamua kupunguza gharama unaipunguza yote kwenda A6 bila kuvuruga mpangilio, cha msingi maandishi yabaki yanasomeka.

Mambo mengine ya mzee nayatupia harakaharaka. Background, rangi au picha inayofika ukingoni, lazima ipitilize mpaka kwenye ile blidi, kisu hakikati kwenye mstari uleule kila safari, kinacheza. Na kitu chochote cha muhimu, namba, jina, logo, kisogee ndani angalau milimita 5 kutoka mahali pa kukatwa. Ndo maana tarakimu yangu ililiwa. Sio kwamba walikata vibaya, mimi niliiweka shingoni pa kisu.

#5 Mtaa wa Saba

Mkuu nikuulize kwa heshima tu. Mwaka huu wa leo flaya nani anasoma? Mtu anaipokea anaenda nayo hatua tatu anaitupa. Hiyo hela ungeweka tangazo la Insta ungewafikia watu wa maana.

#6 Dobi wa Kimara

Insta nilijaribu mkuu, nikapigiwa na mtu wa Arusha anauliza nafua mazulia. Mimi mteja wangu ni mtu anayekaa mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, amechoka na ndoo. Huyo nampata getini kwake.

Na sikugawa barabarani, hapo nakuunga mkono, kumpa mtu flaya anapokimbilia basi ni kumpa takataka. Niliwapa walinzi wa apatimenti, saluni, maduka ya chipsi na bodaboda wa kijiweni. Kila fungu nikaliandikia herufi ndogo kwa peni nyuma, S saluni, G geti, B boda, C chipsi, na flaya inasema ukija nayo kilo moja ya nguo tunakufulia bure. Kwa hiyo zinarudi zenyewe zinanieleza zimetoka wapi. Za G ndo zimenibeba, za chipsi zilirudi mbili zina mafuta. Mara ya pili sikuwapa tena watu wa chipsi.

#7 Pleti Nne

Nimefurahi kuona uzi huu, niko kwenye uchapaji miaka mingi hapa Kariakoo na wateja wa simu ndo wanaotuzeesha, naomba niongezee nyama, nitaandika sana mtanisamehe.

Kwanza huyo mzee kamweleza dijitali. Kuna ofseti pia na watu wanachanganya. Dijitali haina pleti (lile bati lenye sura ya kazi yako linalobeba wino), faili linaingia mashine inatoa, kwaiyo ukitaka 50 unapata 50, ukitaka 200 sawa, bei ya kila moja inakaa karibu palepale. Ofseti tunatengeneza pleti kwanza, rangi nne pleti nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, tunafunga tunaweka wino tunapoteza karatasi kadhaa mpaka rangi zikae, hizo gharama zipo hata ukichapa moja. Baada ya hapo kinachoongezeka ni karatasi na wino kidogo tu. Ndo maana mteja analalamika mbona 500 na 1000 bei zimepishana kidogo, jibu ni kwamba pleti umeshazilipia kwenye zile za kwanza. Nakala chache dijitali, nyingi ofseti, katikati hapo uliza kotesheni zote mbili usiwe mvivu.

Pili kuna kaujanja ambacho mteja akikijua namheshimu. Unataka A5 mbele na nyuma. Wengi wanahesabu pleti nne za mbele na nne za nyuma, nane. Lakini tunaweza kupanga mbele mbili na nyuma mbili kwenye pleti zilezile, tunachapa upande mmoja, tunageuza rundo, tunachapa tena kwa pleti zilezile, ukikata kila flaya ina mbele na nyuma yake. Pleti nne badala ya nane. Mwambie mchapaji "nipangie mbele na nyuma pamoja tugeuze", akikwambia haiwezekani muulize kwa nini, inawezekana kweli ana sababu ya saizi ya mashine, inawezekana pia anakupima.

Tatu rangi. Simu inatengeneza rangi kwa mwanga, sisi tunatengeneza kwa wino kwenye karatasi, kuna rangi za mwanga ambazo wino haziwezi, bluu ya kuwaka, kijani cha neoni, ile pinki ya usiku wa disko. Bluu ya huyu jamaa iligeuka zambarau kwa sababu ikibadilishwa inapewa samawati nyingi na majenta nyingi, na hizo mbili zikilingana hapo hakuna bluu tena. Ukitaka bluu ibaki bluu acha majenta iwe chini ya samawati kwa asilimia kama 30 au zaidi. Kwa mtu wa simu asiyeona hizo namba, chagua bluu iliyotulia, ya shati la shule, sio ya taa.

Nne maandishi madogo yawe nyeusi tupu ya wino mmoja. Nyeusi iliyochanganywa rangi nne, pleti ikisogea nusu ya unywele, herufi zinakuwa na kivuli chekundu, unadhani una malaria.

Tano, WHATSAPP. Jamani. Ukituma kama picha inabanwa, pikseli zinapotea, hata kama ulitengeneza vizuri nafikishiwa uji. Tuma kama dokumenti au tuma kwa imeili au njoo na flashi. Na tuma PDF, kwenye PDF herufi zinabaki herufi naweza kukusaidia kurekebisha, ukinipa picha umenipa ukuta uliokwisha pakwa rangi.

#8 Kipara Ngoto

"unadhani una malaria" 😂😂😂 mkuu Pleti Nne rudi kila siku

#9 Mama Vitumbua

Naombeni msaada kwa lugha ya kawaida jamani mimi sina kompyuta. Nina simu tu na app ya PixelLab ya kuandikia kwenye picha. Nauza vitumbua na maandazi ya oda za ofisini na misiba, nataka flaya za kuweka kwenye ofisi. Naanzia wapi?

#10 Dobi wa Kimara

Mama PixelLab inatosha kabisa ukiipa saizi sahihi toka mwanzo. Usianze na ile saizi yake inayokuja yenyewe. Nenda kwenye saizi ya picha weka pikseli 1819 upana na 2551 urefu. Hiyo ni A5 pamoja na blidi kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kipimo ambacho wachapaji wengi wanakitaka. Kisha jiwekee kichwani kwamba pikseli kama 36 kila upande zitakatwa, na nyingine 60 baada ya hapo usiweke kitu cha maana, ni rangi tu.

Ukisevu chagua ubora wa juu kabisa, PNG, alafu tuma kama dokumenti. Ile posti ya Insta ya 1080 kwa 1080 usiilete kwenye uchapaji mama, kwa kipimo hicho cha 300 ni kimraba cha sentimita 9 tu, ukiivuta ifike A5 ndo unapata ukungu wangu.

Ila kama unaweza kuingia Canva ni bora zaidi kwa sababu inatoa PDF. Unatengeneza saizi yako mwenyewe bure milimita 148 kwa 210, unawasha ionyeshe blidi, ukimaliza unachagua PDF ya kuchapa na unatiki kile kiboksi cha alama za kukatia na blidi.

#11 Jasiri Haachi

Dobi hapo hujamwambia ukweli wote. Canva ya bure haitoi CMYK, yaani faili la zile rangi nne za wino, mpaka ulipie. Sasa si unamrudisha kwenye zambarau yako?

#12 Pleti Nne

Asilipie kwa ajili hiyo. Alete PDF ya kawaida, nitaibadilisha mimi, kazi yangu hiyo. Cha muhimu asichague rangi za taa na aombe sampo. SAMPO nasema kwa herufi kubwa, shiti moja iliyochapwa kwa mashine ileile na karatasi ileile, uitie saini kabla mzigo haujaanza. Kwa dijitali ni dakika chache. Kwa ofseti sampo ya namna hiyo ni ghali, kwaiyo unapewa ya dijitali inayokaribiana.

Kama una kompyuta na unataka CMYK bure kuna Scribus, haijapendeza machoni lakini PDF yake naiamini. Affinity nayo, Canva waliinunua 2024, mwaka uliofuata wakaiachia bure. Inkscape nzuri kwa logo. Na wale wa steshenari mnaopenda Publisher, Microsoft wameshatangaza wanaizika Oktoba 2026, anzeni kuhama mapema. Wa programu ya Corel mnajua wenyewe, badilisha herufi ziwe michoro na nisevie toleo la zamani, sio kila ofisi ina Corel mpya.

#13 Mkenya Halisi

Salamu kutoka Nairobi. Hii maneno ya kuenda kwa mchapaji kwanza ni ya kweli kabisa, huku River Road ukiingia na kazi yako kwa flashi bila kuuliza, utapewa bei ya mgeni. Mimi huwa naingia na flaya ya mtu mwingine mkononi, naiokota tu mahali, namwonyesha jamaa namuuliza, boss, hii karatasi ni gramu ngapi, na mkichapa kama hii elfu moja ni ngapi? Hapo anajua unajua. Alafu nauliza duka tatu kabla nilipe yoyote. Na bei uulize kama VAT iko ndani, nilishachomwa hapo. Beshte yangu huchapia Kampala, Nasser Road, anasema mambo ni yaleyale, barabara nzima ni mashine na kila mtu anakuita.

Swali langu ni la gramu. Hapa wananiambia 130, 150, 170, mimi naona zote ni karatasi. Tofauti iko wapi kwa mfuko wangu?

#14 Pleti Nne

Gramu hapo ni uzito wa karatasi ya mita moja ya mraba. Ile ya ofisi ya kutolea kopi ni gramu 80. Flaya ya kugawa mkononi 130 au 150 ya kung'aa inatosha, 170 inaanza kuwa na heshima, 250 kwenda 300 ni kadi, hiyo weka kwenye menyu na kadi za biashara. Watu wanachagua 300 kwa flaya ya kugawa getini, ni kumvalisha mtoto suti kwenda kuchota maji.

Angalia pia uzito kama unatumiwa kwa basi. A5 moja ya gramu 150 ina uzito wa chini kidogo ya gramu 5, elfu moja ni kama kilo 4.7. Kwa 300 inakuwa mara mbili.

Na ukitaka ya kukunja, zaidi ya 170 lazima ipitishwe mstari wa kukunjia kwanza, la sivyo rangi inapasuka kwenye mkunjo inaonyesha mifupa.

#15 Dobi wa Kimara

Niongeze hapo kwenye kung'aa. Mimi herufi zangu S na G nilikuwa naandika nyuma kwa peni, upande wa nyuma ukiwa unang'aa peni inateleza na wino unapakaa vidoleni. Mara ya pili nilichukua karatasi isiyong'aa, rangi zimepoa kidogo ila naandika, na nagonga muhuri.

Muhuri huu ndo ujanja wangu mkubwa wakuu. Za kwanza niliandika "Ofa hadi tarehe 30" na bei ya kilo. Tarehe ikapita nina mia sita ndani, bei ya sabuni ikapanda. Sasa flaya yangu haina bei wala tarehe, nimeacha kiboksi cheupe sentimita 5 kwa 2, nikachongesha muhuri mmoja wa bei na mmoja wa ofa. Bei ikibadilika nabadilisha muhuri, flaya zilezile. Jioni nikiwa nasubiri mashine namaliza kuzungusha nguo nagonga hamsini.

#16 Mwalimu wa Zamu

Nimesoma yote, mmesahau watu wa hali yangu. Mimi nina twisheni ya kidato cha pili na cha nne, flaya ya rangi nne siihitaji. Kuna steshenari zina Riso, ile mashine inayochapia mitihani. Inatengeneza masta moja, yaani ile karatasi mama ya kuchapia, baada ya hapo kila nakala ni senti, na inakimbia. Wino ni rangi moja kwa mpigo, nyeusi kawaida, na inataka karatasi isiyong'aa. Mimi nanunua rimu ya karatasi ya njano ya A4, napanga flaya nne za A6 kwenye ukurasa mmoja, wino mweusi, rimu moja ya 500 inanipa flaya 2000. Nakata mwenyewe kwa kile kikatio cha mkono cha steshenari. Nyeusi juu ya njano inaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara kuliko hayo marangi yenu.

Ukitumia njia hii usihangaike na blidi kabisa, acha ukingo mweupe (kwangu wa njano) sentimita moja kuzunguka, kisu kikicheza hakuna anayejua.

#17 Binti Chumbageni

Mwalimu hapo umenigusa. Yaani mimi ningeweza kuanza na 2000 za njano nikajua mtaa gani unaitikia ndo nije na za rangi?

#18 Mwalimu wa Zamu

Ndiyo maana yake dada. Ila zisome kabla ya masta. Mwaka jana nilichapa rimu nzima imeandikwa "Hesabu, Fizikia, Kemia na Bailojia". Mwalimu wa twisheni. Mzazi mmoja alinirudishia amezungushia kwa peni nyekundu.

#19 Mtaa wa Saba

😂😂 haya nimekubali flaya zina raha yake. Lakini nyingi zinachosha kwa maneno. Mtu anaandika historia ya kampuni, maono, dhamira. Mimi nikiwa mteja nataka kujua unafanya nini, uko wapi, namba.

#20 Dobi wa Kimara

Hapo sasa mkuu Saba umeongea. Yangu ya kwanza ilikuwa na maneno kama mahubiri, "tunatoa huduma bora za kisasa zinazokidhi matarajio ya wateja wetu wote". Hakuna mtu duniani aliyewahi kufuliwa matarajio. Ya pili ina mstari mmoja juu kwa herufi kubwa, TUNAFUA, TUNAKAUSHA, TUNAKUNJA. KESHO ZIMEFIKA. Chini picha niliyoipiga mwenyewe mchana mlangoni, mashine zangu na shuka zimekunjwa, sio ya mtandaoni, maana ile ya mtandaoni mtu alifika akauliza zile mashine kumi ziko wapi. Na picha za kuokota zina wenyewe, ukikosa kabisa ingia Pexels au Unsplash huko za bure zipo.

Maelekezo nimeandika kama ninavyomwelekeza bodaboda, nyuma ya sheli, mkabala na duka la dawa, geti la kijani. Jina la mtaa peke yake halimfikishi mtu.

QR nilitengeneza upya. Ile ya kwanza ilikuwa inapitia kwenye tovuti ya waliotengeneza, wakifunga bomba umekwisha. Sasa hivi nimeingiza kiungo chenyewe moja kwa moja, wa.me alafu 255 alafu namba bila sifuri ya mwanzo, haipiti kwa mtu, haina cha kuisha. Nimeichapa sentimita 2 na nusu, nyeusi kwenye nyeupe, na nafasi nyeupe kuizunguka. Kwenye sampo nikaijaribu na simu tatu ikiwemo ya shemeji yangu iliyopasuka kioo, ikasoma.

#21 Mkenya Halisi

Shemeji amepata kazi finali.

#22 Mama Vitumbua

Jamani nimekaa nayo siku mbili nimemaliza, asanteni sana. Nimeweka 1819 kwa 2551 kama ulivyosema, rangi ya kahawia na krimu, picha nimepiga vitumbua vyangu asubuhi dirishani. Maandishi "Vitumbua na maandazi ya moto ofisini kwako saa moja asubuhi. Oda mwisho saa kumi na mbili jioni." Naiweka hapa mniangalizie kesho naenda kulipia.

[picha]

#23 Pleti Nne

Mama hongera, hii nimeipenda kuliko za madizaina wengi. Krimu hiyo itatoka salama. Neno "moto" limesogea sana ukingoni kushoto, liingize ndani kidogo. Na yale maandishi meupe membamba juu ya kahawia yanenepeshe, wino huwa unatambaa unayameza.

#24 Jasiri Haachi

Picha imetulia nimeona njaa.

#25 Binti Chumbageni

Mama samahani, mimi ndo sijui kuhesabu au? Hiyo namba ya simu nimeihesabu mara tatu zinakuja tarakimu tisa.

#26 Mama Vitumbua

Weeee

#27 Mama Vitumbua

Ni kweli. Nimeruka 4 ya katikati. Na nimeisoma mara ishirini hiyo flaya, namba yangu mwenyewe ya miaka kumi na moja!!

#28 Dobi wa Kimara

Umeme umerudi wakuu. Mama rekebisha, alafu usiisome wewe, mpe mtoto akupigie kwa kusoma kwenye flaya. Simu ikiita kwako, kalipie.

#29 Mama Vitumbua

Imeita. Ila ameshamaliza vocha yangu kwa kunipigia mara nne kuhakikisha.